Kalamu Inayositasita

Watu wengi hudhani kwamba mtunzi wa hadithi huketi mezani kwa furaha, na maneno yakamjia kama maji ya mvua yashukavyo mlimani. Huenda wako waliojaliwa hivyo. Mimi sijapata kuwaona. Wale niwajuao, wanaume kwa wanawake, huandika ukurasa mmoja jioni, na asubuhi wausomapo huona haya, kama mtu aliyeazima nguo isiyomkaa vema akasimama nayo mbele ya mkutano. Nami ni mmoja wao. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika kwa miaka mingi, na tangu siku nyingi natunga hadithi, hata michezo ya Noeli kwa ajili ya parokia yetu, lakini kila nishikapo kalamu yuko mtu ndani yangu aniulizaye: «Wewe u nani hata uandike?»

Juu ya swali hilo nataka kusema nanyi, kwa maana naona laharibu vitu vingi nyumbani mwetu, tena kimyakimya. Kijana amejaza daftari tatu, kisha azitia motoni, wala wazazi wake hawakujua kwamba alikuwa akiandika. Mama mmoja wa jumuiya yetu atunga maombolezo ya kuliza jiwe, lakini akiambiwa ayaandike hucheka na kusema: «Mimi sikumaliza hata darasa la sita.» Na mimi mwenyewe nina shangazi, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo wetu. Anajua ngano ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine ye yote. Kila Jumapili baada ya Misa naketi kwake, naye husimulia kwa lugha ya kwetu, nami huandika kwa Kiswahili, ili wajukuu waliozaliwa mjini, wasioijua tena lugha ile, wapate kuzisoma. Mwaka huu ameanza kusahau. Husimulia vizuri mpaka watu wa hadithi wanapofika mtoni, kisha hunyamaza, akatazama mikono yake, akasema: «Walivuka, mtoto wangu. Lakini walivukaje?» Basi mwaona kwamba mtu mwenye kazi kama hiyo hana nafasi ya kukaa miaka kumi akijiuliza kama anastahili kuandika. Kila Jumapili itumiwayo kwa kusitasita ni ngano moja iendayo zake.

Kwa mwandishi wa Kongo shaka hilo lina mlango wake wa kwanza, nao ni lugha. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa; nyumbani twasema lugha ya wazazi; sokoni, kanisani na barabarani twasema Kiswahili. Katiba yetu ya 2006 yahesabu Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Lakini Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya msemo wa Unguja, na kamati iliyoanzishwa 1930 ili kukisanifu ilikuwa ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Sisi wa Bukavu, Goma, Kisangani, Kalemie na Lubumbashi hatukualikwa. Ndiyo maana, tuandikapo, twamsikia mtu wa pwani akicheka nyuma ya mabega yetu. Twaandika «bugali», twafuta, twaandika «ugali». Twaandika «kaye», twafuta, twaandika «daftari». Kisha aja jirani asoma «daftari», asema: «Huyu naye amekuwa lini mtu wa Dar es Salaam?» Hapo mwandishi huikunja karatasi yake na kwenda kulala.

Katika jambo hilo mimi nimepata rafiki mmoja, naye ni Mwafrika wa zamani sana. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alisoma kwa taabu na kwa sifa, hata akapata kuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Milano, ambako Kaisari alikuwa na makao yake. Mwalimu wa ufasaha, maana yake mtu aliyelipwa mshahara ili awafundishe wengine kusema vizuri. Hata hivyo, katika kitabu chake kiitwacho «De ordine», alichokitunga mwaka 386, aungama waziwazi kwamba Waitalia walikuwa wangali wakimkosoa kwa namna alivyotamka maneno mengi. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani. Kumbe yule Baba wa Kanisa, ambaye vitabu vyake vimejaza makabati ya seminari zote, naye alichekwa kwa sababu ya ulimi wa kwao!

Lakini tazameni alivyofanya baadaye, alipokuwa askofu wa Hippo na kuwahubiri wavuvi na wakulima. Katika Kilatini kulikuwa na neno «os». Likitamkwa kwa irabu fupi, maana yake ni mfupa. Likitamkwa kwa irabu ndefu, maana yake ni kinywa. Masikio ya Waafrika wa siku zile hayakutofautisha irabu fupi na ndefu. Augustino akauliza: kwa nini mwalimu aone haya kusema «ossum», kama wasemavyo watu wa kawaida, ili wasikilizaji wajue kwamba anataja mfupa? Wenye elimu walilichukia neno hilo. Yeye aliona kwamba afadhali kulaumiwa na walimu wa sarufi kuliko kutoeleweka na watu. Wala msidhani kwamba aliruhusu uandishi wa ovyo. Aliijua sarufi mpaka mizizi yake, ndipo akaiacha mahali pamoja kwa kusudi. Mimi nami nafanya hivyo: nikiandika masimulizi hufuata kanuni za vitabu kadiri niwezavyo, lakini mama wa hadithi yangu akiwaita watoto kula, atawaita waje kwenye bugali na sombe, wala sitambadilishia chakula ili kumpendeza mtu aliye mbali.

Tunao pia mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1965, katika mji uliokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, ambao tangu 1966 twauita Lubumbashi, mtu mmoja jina lake André Yav aliandika historia ya mji ule kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili cha watu wa Katanga, cha jikoni na cha barabarani. Maandishi yake hayakufuata kanuni za vitabu vya shule. Maneno mengi yameungana, mengine yamekatwa mahali pasipotazamiwa. Mwalimu mkali angeyajaza wino mwekundu. Lakini mambo ayasimuliayo, mji ule ulivyoonekana kwa macho ya mpishi na ya boi, hayakuandikwa na bwana ye yote. Mtaalamu Johannes Fabian aliyatoa kitabuni mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na hapo liko jambo linipendezalo sana: ili kuyafahamu vema ilibidi yasomwe kwa sauti, na aliyemsaidia Fabian katika kazi hiyo ni Mkongo, Kalundi Mango. Jicho lilishindwa, sikio likafahamu. Najiuliza mara nyingi, Yav alipokuwa akiandika, kama naye hakuisikia ile sauti imwambiayo: «Wewe u nani?» Kama aliisikia, namshukuru Mungu kwamba hakuitii.

Baada ya lugha, mlango wa pili wa shaka ni ule wa uwezo wenyewe. Lugha imetengenezwa, kosa limefutwa, na bado ukurasa waonekana umepoa kama uji wa jana. Hapa tena nitawarudisha kwa Augustino, mtanisamehe. Yapata mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago alimpelekea barua ya malalamiko. Jina la shemasi huyo ni Deogratias. Nadhani hakuna parokia kwetu isiyokuwa na akina Deogratias wawili au watatu, nami nafurahi kwamba wana wajina wa namna hiyo. Deogratias alikuwa na kazi ya kuwafundisha watu wanaoanza kuisogelea dini. Alikuwa na sifa ya kufundisha vizuri, na watu waliletwa kwake mara kwa mara. Lakini yeye alilalamika kwamba, katikati ya mafundisho yake marefu, alijiona hafai kitu, akajichosha mwenyewe, akaamini kwamba aliwachosha zaidi wale waliomsikiliza.

Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, «De catechizandis rudibus». Na neno lake la kwanza si la kumpa moyo kwa kumsifu, kama tufanyavyo sisi kwa wenzetu, wala hakumwambia: «Usiogope, wewe ni hodari.» Alimwambia kwamba yeye pia karibu kila mara huchukizwa na maneno yake mwenyewe. Kisha aeleza sababu. Akili huona jambo kwa ghafula, kama umeme uangazavyo usiku. Ulimi hauwezi kwenda upesi hivyo. Maneno huburuta miguu, na kabla hayajafika, ule mwanga umekwisha kujificha. Msemaji huyapima maneno yake kwa mwanga alioupata moyoni, ndiyo maana huyaona hafifu. Msikilizaji hakuuona mwanga ule. Yeye apokea yale aliyoletewa, na mara nyingi humtosha, humfurahisha. Tena amwambia Deogratias: wewe fikiri, kama maneno yako yangewachosha watu kama yakuchoshavyo wewe, je, wangeendelea kukuletea wanafunzi?

Mimi nimelifikiri jibu hilo miaka mingi, na naona halina kifani. Mama apikaye sombe tangu asubuhi, aliyetwanga majani, akavuta moshi, akaonja chumvi mara nane, akifika mezani hana hamu tena. Aitazama sahani yake aona majani tu. Wageni wanakula mpaka wanafuta sahani kwa bugali. Je, sombe ilikuwa mbaya? Hapana, pua ya mpishi imechoka. Basi mwandishi naye, asomapo ukurasa wake mara ya ishirini, hana tena pua ya kuunusa. Wala hiyo si alama ya kwamba ukurasa ni mzuri. Waweza kuwa mbaya kweli. Ni alama tu ya kwamba yeye, kwa saa hiyo, si shahidi wa kuaminiwa, na inampasa kutafuta shahidi mwingine.

Katika kitabu kilekile Augustino atoa mfano mwingine, nao ungeweza kuandikwa Bukavu. Asema kwamba tukiwa na mji mzuri au mashamba mazuri, ambayo twayapita kila siku bila kuyatazama, aja rafiki asiyepata kuyaona, twamwonyesha, na furaha yake yaamsha furaha yetu. Nani katika sisi asiyelijua jambo hilo? Sisi wenyeji hushuka njia ya ziwa tukifikiria bei ya sambaza na deni la karo. Aja mgeni wa kutoka bara, asimama ghafula, aona maji ya Kivu na zile rasi za mji zilizoingia ziwani kama vidole, asema: «Ee Mungu wangu!» Nasi twainua macho, twaona kwamba ni kweli, ni pazuri. Kwa hiyo, nikichoka na hadithi yangu, simwendei mtu aliyekwisha kuisikia. Namtafuta mgeni.

Maandiko Matakatifu yenyewe yana mwandishi mmoja mwenye haya, wala watu hawamtaji sana. Ni yule aliyekiandika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Mwanzoni asema kwamba amevifupisha vitabu vitano vya mtu mmoja wa Kirene aitwaye Yasoni, na kwamba kazi hiyo imemtoa jasho na kumkosesha usingizi. Mwishoni kabisa, katika sura ya 15, aomba radhi: kama masimulizi yametoka vizuri, hivyo ndivyo alivyotaka, kama yametoka hafifu, huo ndio uwezo wake. Nawasihi mfikiri kidogo. Kanisa lakiri kwamba kitabu hicho ni Neno la Mungu, lakini Roho Mtakatifu hakumwondolea mtu yule shaka lake juu ya kalamu yake. Alimwacha nalo, naye akafika mwisho wa kitabu pamoja nalo.

Wako wanaopenda kumtaja Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye tarehe 6 Desemba 1273, baada ya Misa, aliacha kuandika, akasema kwamba yote aliyoyaandika yalikuwa kama majani makavu mbele ya yale aliyoyaona. Nimemsikia kijana mmoja akimtaja ili kutetea uvivu wake. Nilimwambia: «Ndugu yangu, Tomaso aliyaita majani makavu baada ya kujaza ghala. Wewe hujalima bado.» Tukacheka wote wawili.

Lakini liko shaka jingine, ambalo mfano wa sombe hauwezi kulijibu, nami naliheshimu kuliko yote. Tangu 1996 Mashariki ya nchi yetu imeonja vita baada ya vita. Tumewazika watu, tumewapokea waliokimbia, wengine wetu tumekimbia wenyewe tukiwa na watoto mgongoni. Katika hali hiyo mtu aweza kuketi na kuandika kwamba fisi alimdanganya sungura? Si aibu? Usiku mmoja nilipokuwa nikitafuta neno la kufunga hadithi, tulisikia milio ya bunduki upande wa mlimani. Nilizima taa, tukalala sakafuni. Neno lile sikulitafuta tena kwa wiki tatu. Shaka la lugha humwambia mwandishi kwamba hajui. Hili humwambia kwamba, hata akijua, kazi yake ni mchezo wa watoto katika nyumba iungauayo.

Nilikwenda kumtafuta Baruku. Baruku alikuwa mwandishi wa nabii Yeremia, wakati Yerusalemu ulipokuwa unaelekea kuanguka. Sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia yasimulia kwamba nabii alisema na Baruku akaandika kwa wino katika gombo. Gombo likapelekwa kwa mfalme Yoyakimu, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na makaa yakiwaka mbele yake. Kila iliposomwa sehemu ya safu tatu au nne, mfalme aliikata kwa kisu cha mwandishi, akaitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Sijui kama kuna mwandishi aliyepata kutendewa hivyo mbele ya watu. Ikawaje? Yeremia alitwaa gombo jingine, Baruku akaandika tena yote, na maneno mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Kitabu cha pili kikawa kirefu kuliko cha kwanza!

Hata hivyo Baruku hakuwa mtu wa chuma. Sura ya 45, ambayo ni fupi sana, yatuonyesha akiugua: amechoka kwa kuhema kwake, hapati raha. Na jibu alilopewa na Bwana kwa kinywa cha Yeremia ni kali, nusura nilifunge Biblia. Aambiwa kwamba Mungu yu karibu kubomoa alichojenga na kung'oa alichopanda. Naye Baruku, je, anajitafutia mambo makuu? Asiyatafute. Ataokoa nafsi yake, basi. Mara ya kwanza nililiona jibu hilo kama kofi. Siku nyingine nilipolisoma tena nilitambua kwamba lilikuwa limenitua mzigo. Kwa maana swali «Wewe u nani?» lina nguvu kwa yule tu atakaye kuwa mtu fulani. Anayetaka tu kwamba ngano ya shangazi yake isipotee, aweza kujibu: «Mimi si kitu. Nipishe niandike.»

Tena, kuhusu hadithi na vita, nitawaeleza nililoliona. Katika nyumba ya jamaa yangu, waliingia siku moja watu kumi na saba waliokimbia kijiji chao, wengi wao watoto. Walikula kidogo, wakanywa maji, wakakaa kimya kwa namna ambayo watoto hawapaswi kukaa. Jioni msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, alianza kuwasimulia wadogo zake hadithi ya mnyama mmoja mlafi. Hakuna aliyemwambia. Mdogo mmoja akamkosoa: «Siyo hivyo, alianguka kwanza.» Wakabishana. Huo ndio ulikuwa mlio wa kwanza wa kitoto tuliousikia kwao tangu walipofika. Sitaki kuongeza maneno juu yake.

Mtaniuliza: basi, nifanye nini kila siku, maana shaka halihami? Mimi natumia njia za mtu wa kawaida. Sikati hukumu usiku. Nilichokiandika usiku nakiweka, nakisoma asubuhi baada ya sala, wala sing'oi karatasi katika daftari; nikichukia sentensi naipiga mstari mmoja mwembamba, ili niweze kuisoma tena, kwani mara tatu katika nne ile iliyofutwa ilikuwa na neno moja la kufaa. Nimejizoeza pia kuyapambanua mashaka. Shaka likisema: «Sentensi hii ni ndefu», au: «Mtu huyu hasemi kama mchungaji wa ng'ombe asemavyo», nalisikiliza mara moja, kwani hilo ni fundi mwenzangu. Likisema: «Yote ni bure, wala wewe hufai», bila kunionyesha mahali pa kutengeneza, nalikataa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba roho mbaya hutia huzuni na kuweka vizuizi ili mtu mwenye nia njema asiendelee, na roho mwema huondoa vizuizi. Nimeona ni hivyo hata mezani pa mwandishi.

Njia nyingine ni kusoma kwa sauti mbele ya mtu. Sina hakimu bora kuliko mtoto wa miaka saba. Hajui kusifu kwa adabu. Hadithi ikimchosha huanza kucheza na vidole vya miguu, na mimi huweka alama ndogo pembeni mwa ukurasa mahali pale pale alipoanza. Shangazi naye nilimsomea ngano yake mwenyewe niliyoiandika kwa Kiswahili. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema: «Vizuri. Lakini yule mwanamke umemfanya mpole. Hakuwa mpole.» Nilirekebisha. Mkosoaji ye yote wa vitabu asingenifaa kama alivyonifaa yeye kwa maneno hayo machache.

Kutoka hapa nitasema na wazazi, na na wake na waume wa watu waandikao, kwa kuwa shaka hulelewa nyumbani kama alivyolelewa mtoto. Baba, ukimkuta binti yako anaandika kwenye daftari, usimwulize kwanza kama kazi ya shule imekwisha, wala usilichukue daftari na kulisoma kwa sauti mbele ya wageni kwa kumcheka. Hata kumsifu kupita kiasi kwamwumiza, kwani ajua kwamba husemi kweli. Mwulize: «Halafu ikawaje?» Hayo tu. Ni maneno matatu kasoro moja, na mtunzi hatamani mengine. Mama watoto wangu ni hodari wa neno hilo. Hasemi ni vizuri au ni vibaya, huacha kupepeta mchele, asema: «Baba, rudia pale alipotoka nyumbani, sikufahamu kwa nini alitoka.» Nami najua kwamba nimeshikwa, kwa maana mimi pia sijui kwa nini alitoka.

Msiseme kwamba hakuna meza, wala chumba, wala taa. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu aliandika maisha yake katika madaftari ya shule, jioni baada ya kazi za watawa, kwa sababu dada yake aliyekuwa mkubwa wa monasteri alimwagiza. Hakudhani kwamba anatunga kitabu. Kurasa za mwisho, mwaka 1897, aliziandika kwa kalamu ya risasi, kwani mkono wake ulikuwa hauna tena nguvu ya kuchovya wino. Kitabu kilitolewa 1898, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Na kwa habari ya gharama, nimekwenda kuuliza sokoni. Kaye moja ya kurasa mia yapatikana kwa bei ndogo kuliko chupa moja ya bia, na kalamu ya biki juu yake.